UZI: Sydney Opera House, namna ya kulitembelea jengo ukijua unachokiangalia (kwa watu wa ngoma, majukwaa na ujenzi hapa Bagamoyo)

#1 Fundi Boksi

Wakuu, salaam.

Kuna kikundi cha ngoma hapa mjini kinajiandaa kwa safari ya Australia, na tangu habari itoke maswali kwenye magrupu ni yale yale. Lile jengo la matanga lina nini ndani? Unaingiaje? Kwa nini lilichukua miaka 14? Nafungua uzi tuyaweke majibu mahali pamoja. Mwenye utaalamu wa jukwaa, wa forodha au wa bahari aongeze kwenye eneo lake.

Kwanza jueni hili, maana wageni wengi wanaondoka pale bila kulijua: nje ya jengo na ndani ya jengo ni kazi za watu tofauti. Kitako (lile jukwaa kubwa la zege la rangi ya waridi) na magamba meupe juu yake ni ubunifu wa Jørn Utzon wa Denmark. Kumbi, dari, viti na kuta za vioo ni kazi ya Peter Hall akiwa na Lionel Todd na David Littlemore, walioingia baada ya Utzon kujiuzulu Februari 1966. Ukiwa pale tafuta ule mshono, mahali kazi ya mmoja inapokutana na ya wengine. Unaonekana waziwazi pale vioo vinapogusa zege.

Tarehe kwa ufupi. Rasi yenyewe inaitwa Bennelong Point, kwa jina la mwenyeji wa pale wa karne ya 18. Wazawa wa Gadigal waliiita Tubowgule. Palikuwa na ngome, baadaye karakana ya tramu, ikabomolewa 1958. Shindano la ubunifu lilivuta michoro 233. Mshindi alitangazwa 29 Januari 1957, Utzon akiwa na miaka 38. Ujenzi ulianza Machi 1959, na ulitakiwa umalizike Januari 1963. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua rasmi 20 Oktoba 1973.

Kuhusu fedha, watu wanakosea hesabu. Makisio ya mwanzo yalikuwa pauni milioni 3.5 za Australia, na gharama ya mwisho dola milioni 102. Wengine wanagawa moja kwa moja wanapata karibu mara 30. Australia ilihama kutoka pauni kwenda dola mwaka 1966 kwa pauni moja dola mbili, hivyo makisio yalikuwa dola milioni 7. Gharama ilipanda mara 14 na ushee. Bado ni aibu, lakini si mara 30.

#2 Nahodha wa Dunda

Nimesoma. Swali langu fupi: ni matanga au siyo matanga? Kwa macho ya mtu wa pwani lile ni tanga la jahazi limejaa kusi. Wengine wanasema ni makombe, wengine wanasema kasa waliopandana.

#3 Fundi Boksi

Nahodha, bahari imo, ila si kwa njia unayodhani. Baba yake Utzon, Aage, alikuwa mbunifu wa vyombo vya baharini, na kijana alikulia kwenye viwanda vya kuunda meli. Kwa hiyo mkono wake ulizoea mistari ya mkunjo tangu utoto. Kitako nacho kimetoka kwingine kabisa: mwaka 1949 alikwenda Mexico kuona majukwaa ya mawe ya Wamaya, mtu anapanda ngazi ndefu mpaka anatokea juu ya msitu. Hilo ndilo utakalolisikia mwilini ukipanda ngazi za mbele. Unaacha mji nyuma, unatokea juu ya maji.

Ila tanga ni kitambaa. Upepo unalivuta, foramali inalishika, umbo linajitengeneza. Zege halina tabia hiyo. Michoro ya mwaka 1957 ilikuwa ya mkono huru, magamba yamelala zaidi kuliko unavyoyaona leo, na hayakuwa na jometri yoyote unayoweza kumpa fundi. Kampuni ya wahandisi ya Ove Arup ilihangaika nayo kati ya 1957 na 1961. Walijaribu umbo la parabola, wakajaribu la yai, majaribio yasiyopungua kumi na mbili, wakitumia hata kompyuta, jambo lililokuwa geni kwa ujenzi wa wakati ule.

Walikokwamia ni pale pale fundi yeyote wa hapa Bagamoyo angekwamia: boksi, yaani umbo la mbao la kumwagia zege. Kama kila ubavu wa gamba una mkunjo wake, kila ubavu unataka boksi lake la mbao, linalotumika mara moja na kutupwa. Hela yote inaishia kwenye mbao na misumari kabla hujamwaga ndoo ya zege.

Ufumbuzi wa 1961 ni rahisi mpaka unaudhi. Magamba yote yakatwe kwenye tufe moja lenye nusu kipenyo cha mita 75. Chukua chungwa la Muheza, limenye, kisha kata vipande vya maganda vya pembetatu, vikubwa na vidogo. Havifanani urefu wala upana, lakini mkunjo wa kila kimoja ni ule ule, kwa sababu chungwa ni moja. Basi ubavu mrefu na ubavu mfupi vinatoka kwenye mtiririko ule ule wa maboksi. Mfupi unaishia mapema tu. Boksi moja linatumika tena na tena.

Wakamwaga vipande 2,194 vya mbavu palepale chini, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita nne na nusu hivi. Vikapandishwa kwa kreni tatu kubwa zilizonunuliwa Ufaransa, vikashikwa na tao la chuma linalorefuka na kufupika kama fimbo ya selfi, vikagundishwa kwa epoksi, kisha zikapitishwa nyaya za chuma ndani na kukazwa. Nyaya zote pamoja ni kilomita 350. Anayeshika gamba lisifunguke ni nyaya, gundi inaziba tu maungio.

Ukiwa ndani ya ukumbi wa kuingilia, inua macho. Zege la mbavu limeachwa wazi bila plasta. Chini kwenye kitako zimebanana, juu zinapanuka kama kipepeo cha ukindu. Nahodha, pale ndipo utakapoona chombo. Yale ni mataruma.

#4 Binti Kaole

Ngoja kwanza, kaka. Unasema ujenzi ulianza 1959 na umbo la paa likapatikana 1961. Kwa hiyo miaka miwili walikuwa wanamwaga kitako cha jengo ambalo hawajui paa lake lina uzito gani? Nani aliruhusu?

#5 Ngazi Mia

Dada Binti Kaole, umegusa donda lenyewe.

Aliyeruhusu, na aliyesukuma, ni waziri mkuu wa jimbo la New South Wales, Joseph Cahill. Mzee alijua wapinzani wanaweza kuuzima mradi wowote siku chama chake kikitoka madarakani. Hesabu yake ya kisiasa ilikuwa kwamba zege likishaingia ardhini hakuna atakayelifukua. Michoro haikuwa tayari, kazi ikaanza. Yeye mwenyewe alifariki Oktoba mwaka ule ule wa 1959.

Kilichofuata ni cha kufundishia darasani. Paa la tufe lilipokamilika kwenye karatasi, uzito wake ulizidi uwezo wa nguzo zilizokwisha kusimama. Ikabidi nguzo zivunjwe kwa baruti na kujengwa upya zenye nguvu zaidi, huku jengo linaendelea pembeni. Ni sawa na kuchimba kaburi kabla ya kumpima maiti. Msingi wenyewe una nguzo za zege 588 zilizoshuka hadi mita 25 chini ya usawa wa bahari.

Kwa hiyo anayesema "mbunifu alizidisha gharama" asimame kidogo. Kosa la kuanza bila michoro halikuwa la mbunifu.

Na fedha zenyewe hazikutoka kwenye kodi kwa sehemu kubwa. Waliendesha bahati nasibu ya jimbo iliyopewa jina la jengo. Deni likawa limeisha mwaka 1975, miaka miwili tu baada ya kufunguliwa.

Sasa kuondoka kwa Utzon. Mei 1965 serikali ilibadilika, akaingia Robert Askin, na wizara ya ujenzi akapewa Davis Hughes. Huyu alidai udhibiti wa gharama, akazuia malipo. Utzon alitaka fedha za kutengeneza mifano halisi ya dari za plywood kabla ya kuidhinisha, hakupewa. Bila malipo hawezi kulipa wachoraji, bila wachoraji hana michoro, na bila michoro waziri anasema "unaona, hana michoro". Tarehe 28 Februari 1966 alijiuzulu. Siku chache baadaye watu kama elfu moja waliandamana wakitaka arudishwe. Haikusaidia. Aliondoka na familia yake na hakukanyaga tena Sydney mpaka alipofariki Novemba 2008.

Mwaka 1999 alipatana na wasimamizi wa jengo, akakubali kuandika misingi ya kuongoza marekebisho ya baadaye. Matokeo yake ya kwanza ni chumba kimoja, Utzon Room, kilichokamilika 2004. Ndicho chumba pekee ndani ya jengo zima ambacho alikibuni yeye mwenyewe mpaka ndani. Kama ziara yenu inapitia hapo msiharakishe. Mwaka 2007 UNESCO iliingiza jengo kwenye Urithi wa Dunia mbunifu akiwa bado hai, jambo la nadra sana.

#6 Taa za Jukwaa

Naona watu wa zege wameuteka uzi. Niseme ya jukwaa, maana mchezaji haendi kucheza juu ya paa.

Mpango wa Utzon: ukumbi mkubwa ubebe opera na okestra kwa zamu, mdogo ubebe tamthilia. Ukumbi wa namna mbili ni shughuli, kwa sababu opera inataka mnara mrefu wa kupandishia mapazia na mandhari juu ya jukwaa, na okestra inataka dari iliyofungwa isimeze sauti. Baada ya 1966 wenye mamlaka wakaamua: mkubwa uwe wa okestra tu, opera ihamie kwenye mdogo. Mitambo mizito ya jukwaa iliyokwisha kufungwa ukumbi mkubwa ikang'olewa. Ndipo opera ikajikuta kwenye chumba ambacho hakikupimwa kwa ajili yake, ndani ya jengo lenye jina la opera. Ukumbi huo leo unaitwa Joan Sutherland Theatre, viti kama 1,500.

Shida zake mtu wa majukwaa atazitambua akiingia tu. Kumbi mbili zimelala bega kwa bega, hivyo pembeni mwa jukwaa hakuna nafasi. Kwenye jumba la kawaida mandhari ya onyesho la pili inasubiri ubavuni. Pale inasubiri chini, na kupandishwa kwa lifti. Ukikosea mpangilio huna pa kusukumia kitu. Shimo la wapiga muziki nalo ni finyu, wengine wanakaa chini ya sakafu ya jukwaa, na sauti inawarudia masikioni. Mitambo ilifanyiwa ukarabati mwaka 2017, lakini kuta za zege huwezi kuzisogeza.

Kituko kimoja: juu ya lile shimo kuna wavu. Miaka ya 1980 kuku hai aliyekuwa sehemu ya onyesho alitembea mpaka ukingoni na kumwangukia mpiga selo. Kutoka hapo wavu.

Ukumbi mkubwa, Concert Hall, una dari yenye urefu wa mita 25 kutoka jukwaani. Ni mrefu mno: sauti inapanda, inachelewa kurudi, na wapiga ala walikuwa hawasikiani vizuri wenyewe kwa wenyewe. Zamani walining'iniza duara za plastiki angavu juu ya jukwaa, zikasaidia kidogo sana. Ukumbi ukafungwa Februari 2020, ukafunguliwa Julai 2022. Sasa mtaona petali kubwa (vibao vya umbo la jani la ua) za rangi ya zambarau iliyokolea kuelekea waridi zikining'inia. Hizo zinashushwa na kupandishwa kulingana na onyesho, zinarudisha sauti haraka kwa wapigaji. Jukwaa lenyewe lilishushwa sentimita 40 ili watu wa viti vya mbele waone zaidi ya viatu. Na yale mabomba nyuma ya jukwaa ni kinanda cha Ronald Sharp, kilichomchukua miaka kumi mpaka 1979, mabomba zaidi ya elfu kumi.

Kwa kikundi cha ngoma sikilizeni hapa. Ukumbi wenye mvumo mrefu unaipendelea fidla, unaiumiza ngoma. Mdundo wa msondo unakutana na mwangwi wa mdundo uliopita, vumi, ile ngoma nzito, inajaza chini, chapuo, ile ngoma ndogo, inapotea. Tangu 2022 kuna mapazia mazito yanayoshushwa kwa mtambo kufyonza mvumo, yamewekwa kwa ajili ya maonyesho ya vipaza sauti. Yeyote atakayepiga pale aombe mapazia yashushwe wakati wa majaribio ya sauti, na apunguze vumi kabla ya kuongeza chapuo. Mkizoea jukwaa la wazi lenye upepo wa bahari, mikono yenu imezoea kupiga kwa nguvu. Kule nguvu ile ile inakuwa kelele.

#7 Mama Manyanga

Ahsanteni wanangu. Mimi swali langu ni la mizigo. Nasikia forodha ya Australia haina mchezo na vitu vya asili. Ngoma zina ngozi, kayamba lina mbegu. Tunafanyaje?

#8 Mzigo wa Ferry

Shikamoo Mama Manyanga. Hapo ndipo safari za vikundi zinaharibika, kwa hiyo nitaenda ala kwa ala.

Kwenye ndege mtajaza kadi ya kuingia. Kila chenye asili ya mnyama au mmea kitajwe. Kutaja hakukuletei adhabu. Kuficha ndiko kunakoleta faini, na pia viza inaweza kufutwa.

Ngoma ya ngozi inaweza kupita ikiwa ngozi imekauka vizuri, haina nywele, haina nyama iliyobaki ukingoni, na mti hauna matundu ya wadudu. Mkaguzi anaangalia chini, kwenye kitako cha ngoma, mahali tunapoburuza mchangani. Udongo wa Bagamoyo ukionekana pale, kazi imeanza. Piga brashi kavu, futa, anika, kisha angalia tena baada ya siku tatu: ukiona unga mwepesi wa mti umedondoka chini ya ngoma, mdudu yumo ndani. Ngoma hiyo iacheni nyumbani. Wakiikamata, itatibiwa kwa gharama yenu, itarudishwa au itateketezwa.

Kayamba na manyanga ni tatizo kubwa zaidi kwa sababu mbegu zimo ndani na mkaguzi hawezi kuziona. Tengenezeni ya safari: toeni mbegu, wekeni shanga za kioo au vigololi vidogo vya chuma. Sauti inabadilika, ya chuma inakuwa kali. Shanga ndogo za kioo ndizo zinazokaribia. Njuga za chuma hazina shida.

Ngozi ya kenge au chatu ni habari nyingine. Hao wamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ngozi zao zinahitaji kibali cha kutoka hapa kabla ya kufunga sanduku. Mimi ningebadilisha ngozi tu, niwambe ya mbuzi.

Viza: mnaomba mtandaoni, ile ya wageni namba 600, na ofisi ya ubalozi wa Australia inayotuhudumia iko Nairobi. Anayekwenda kufanya onyesho la malipo asiombe viza ya utalii. Kuna aina yake.

#9 Fundi Boksi

Turudi kwenye kutembelea. Treni, basi na feri zote zinaishia Circular Quay, na kutoka hapo ni kutembea ukingoni mwa maji dakika kumi hivi. Kuzunguka nje, kupanda ngazi na kuingia ukumbi wa tiketi ni bure. Kumbi zenyewe unaziona kwa ziara ya kulipia au kwa tiketi ya onyesho.

Ziara ya kawaida ni saa nzima na ngazi kama 300 kupanda na kushuka, kwa hiyo mwenye magoti mabovu aombe ile ya njia za lifti wakati wa kukata tiketi, asingoje kufika mlangoni. Kuna ziara ya nyuma ya jukwaa inayoanza saa moja asubuhi na kuchukua muda wa kama saa mbili na nusu, kifungua kinywa kimo. Hiyo ndiyo ya watu wa jukwaa. Viatu vya kufunika vidole, ndala hapana. Ukumbi wenye majaribio ya sauti hupigi picha, na siku nyingine ziara inaruka ukumbi mmoja kwa sababu kuna kazi inaendelea. Si ubaguzi, ni jengo linalofanya kazi.

Tahadhari ya saa. Tiketi ya 7:30pm ni saa moja na nusu usiku. Mswahili anaona saba anasoma saa saba. Ukichelewa mlango unafungwa, unangoja nje mpaka mapumziko au mpaka waruhusu. Sydney iko mbele yetu kwa saa 7 kuanzia Aprili mpaka Oktoba, na saa 8 miezi iliyobaki, maana wao husogeza saa kwa msimu. Ukipiga simu nyumbani Bagamoyo baada ya kutoka kwenye onyesho, kwetu ni mchana.

Na shakwe. Kule ndio kunguru wao. Ukinunua chipsi kwenye ukingo wa maji, zishike kama unavyoshika samaki pale mnadani.

#10 Binti Kaole

Ukiwa ngazi za mbele uangalie nini? Naona picha zote watu wamekaa tu.

#11 Ngazi Mia

Angalia chini kwanza. Ngazi ndefu vile, mvua kubwa, na huoni mfereji hata mmoja. Vile vibao vya waridi havikuungwa kwa saruji. Vimeachiwa nafasi kati yake, maji yanazama kwenye mianya na kupita kwenye mifereji ya zege iliyo chini. Tupa maji kidogo ya chupa uone yanavyopotea.

Halafu shuka, pita chini ya ngazi zenyewe, pale magari yalipokuwa yanapita. Juu yako kuna boriti za zege zilizokunjwa, zinavuka karibu mita 50 bila nguzo katikati. Utaona umbo la boriti linabadilika kadiri unavyotembea: mahali pamoja ni kama T, mbele inakuwa kama U. Zege limewekwa pale nguvu inapohitajika, na ile mikunjo ndiyo inayobeba yale maji ya mvua. Wapiga picha wanakimbilia juu, mimi ningetumia nusu saa hapo chini.

#12 Nahodha wa Dunda

Sawa. Sasa chumvi. Hapa kwetu bati la pwani linakula kutu kabla watoto hawajamaliza shule. Lile jengo limezungukwa na maji pande tatu, limekaaje meupe miaka hamsini? Nani anapaka rangi?

#13 Fundi Boksi

Hakuna rangi, Nahodha. Ni vigae, 1,056,006, vilivyotengenezwa na kiwanda cha Höganäs cha Sweden baada ya miaka mitatu ya majaribio. Kigae kimoja ni mraba wa milimita 120. Si rangi moja: katikati ni vyeupe vinavyong'aa, pembeni ni vya krimu visivyong'aa. Ukiwa mbali hujui, unaona tu kwamba gamba lina mistari kama mishipa ya jani. Vingekuwa vyote vinang'aa, jua la saa sita lingewaumiza macho watu wa ng'ambo ya maji.

Fundi hakupanda juu kubandika kigae kimoja kimoja. Vililazwa chini kifudifudi kwenye boksi, vikamwagiwa zege nyembamba mgongoni, vikawa sahani kubwa, sahani 4,253. Kisha zikapandishwa na kufungwa kwenye mbavu kwa bolti za bronzi, ambazo chumvi haizili kama chuma. Bolti zinaruhusu kurekebisha sahani ikae sawa na jirani yake.

Mvua inaviosha. Ukaguzi wenyewe ni kazi ya kusikiliza: mafundi wanashuka kwa kamba na nyundo ndogo wakigonga kigae baada ya kigae. Kilichoshika kinajibu kwa sauti nzito, fupi. Kilichoachia kinalia kama debe tupu. Ndivyo fundi wa sakafu hapa anavyogonga kwa mpini wa mwiko, na ndivyo mwamba ngoma anavyotafuta upande uliolegea.

Zege la ndani wanalisafisha kwa bekingi soda, na bronzi ya vishikio wanaipaka mafuta ya zeituni. Kemikali kali zingekula zote mbili. Na maji ya bahari hawayaogopi tu, wanayatumia: mabomba yanazungusha maji baridi ya bandari kupooza hewa ya jengo. Okestra ikiwa jukwaani, joto la ukumbi mkubwa linashikiliwa kwenye nyuzi 22.5, la sivyo ala zinapoteza sauti zake.

#14 Ngazi Mia

Niongeze kwa mafundi wetu, kwani somo la bolti, kutumia kitu kinachopatana na chumvi, ni hilo hilo kwa nyumba za Mji Mkongwe wa hapa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinapumua. Unyevu na chumvi vinapanda kutoka chini na kutoka nje. Ukizipiga plasta ya saruji ngumu umeziba pua. Chumvi inakusanyika nyuma ya plasta, inavimba, na baada ya masika machache saruji inabanduka ikiwa imebeba uso wa ukuta. Mtu analaumu fundi, anapiga saruji nyingine nzito zaidi. Chokaa kwa chokaa, jamani.

#15 Binti Kaole

Hilo lifungulie uzi wake, mkuu, tutakesha. La mwisho kwangu: mwenye muda mfupi na hela kidogo, hana tiketi ya ziara wala ya onyesho, alione vipi vizuri?

#16 Nahodha wa Dunda

Hili niachieni mimi, nimelisoma kwenye chati. Panda feri ya kwenda Manyani kutoka Circular Quay.

#17 Fundi Boksi

Manly, Nahodha 😂 Manyani ni wa Mikumi.

Lakini yuko sawa. Ni feri ya abiria ya kila siku, unagusa kadi ya benki getini kama wenyeji, safari kama nusu saa. Inapita mbele kabisa ya rasi, na kutoka majini ndipo unapoona magamba yanafunguka na kujifunga kadiri chombo kinavyosogea. Mwenye kusimama nchi kavu haoni hilo. Kwa picha za nchi kavu, asubuhi nenda upande wa bustani, Mrs Macquarie's Chair, jua linapiga ubavu wa mashariki. Alasiri hamia ng'ambo ya pili ya Circular Quay, kwenye gati la meli za watalii.

#18 Nahodha wa Dunda

Manly basi. Kwenda kaeni upande wa kulia, nje, siyo ndani ya vioo. Kurudi, kushoto.